Siku Amisi Alipoacha Kulia

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupokea na kutunza watoto, mkinikuta barazani nimefumba macho, kiganja kimoja kimeinuka hewani kama nimebeba kitu, msiniamshe. Silali. Nimeshika vichwa. Vinanijia vyenyewe mchana nikijinyoosha kwenye mkeka, vichwa vya watoto niliowapokea hapa Palma miaka yote ile, vina joto na harufu ya maziwa, na katikati ya kila kimoja utosi unapiga taratibu chini ya kidole changu. Wajukuu zangu wanasema bibi anaota. Waache waseme. Nimestaafu mimi, mikono haijapewa barua.

Naitwa Atija, binti wa mvuvi. Wengi wenu mnadhani kazi hii nilijifunzia wodini, kwenye vitanda vyeupe. Nilijifunzia porini, wakati wa vita vya ukombozi, nikiwa msichana ambaye alikuwa hajui hata kufunga bandeji bila kujifunga vidole vyake. Na somo kubwa kuliko yote nililopata, lile ambalo nawasumbua nalo kila mnaponitembelea, nililipata kwa mtoto mmoja aliyeitwa Amisi. Leo naliandika, kwa sababu mkinisikiliza mnaitikia tu kisha mnarudi kwenye simu zenu.

Kambi yetu ilikuwa msituni, upande wa bara wa barabara ya Mute. Tulikuwa watu wa pwani tuliokimbia vijiji vyetu, na upepo ukigeuka tulisikia malori ya wanajeshi wa Kireno yakinguruma barabarani. Nikikumbuka pale mahali, naona mwanga wa kijani uliochujwa na majani, na ukungu wa asubuhi uliokaa chini mpaka magotini, watu wakitembea ndani yake kama hawana miguu. Na naukumbuka ukimya. Jogoo tuliwachinja wote tulipofika tu, maana jogoo hajui vita. Kutwanga kulikuwa kwa saa maalumu. Hata kukohoa tulijifunza kukohoa ndani ya nguo. Walinzi wakipiga mluzi, kila mtu alikimbilia mahandaki tuliyochimba chini ya vichaka, akalala humo mpaka aambiwe toka.

Sasa fikirini, kwenye kambi kama hiyo, mtoto mchanga anakuwa nani. Mkubwa unamwambia nyamaza. Jogoo unamchinja. Mtoto je?

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Tomasi, Mmakonde aliyekuwa enfermeiro, yaani muuguzi, katika hospitali ya Wareno mjini kabla ya kutoroka kuja kwetu. Alitoroka na mfuko wa dawa na kipimajoto kimoja, na kipimajoto kikavunjika alipoteleza mtoni. Tangu hapo alitufundisha kupima homa kwa mgongo wa mkono, kwanza tumboni, kisha kisogoni, halafu kwenye nyayo, tukilinganisha. Alikuwa mtu wa utani mwingi na subira kidogo. Ukikosea alisema, "Calma, tulia, binti, mgonjwa hajafa bado, usimharakishe."

Kwa mafunzo tulikuwa na mtoto wa bandia. Mwili wake mfuko wa mchanga, shingo yake kitambaa kilichosokotwa, kichwa chake papai bichi. Mzee Tomasi alimwita Dona Papaia, yaani Bibi Papai. Tulimbeba, tulimwogesha, tulimfunga mgongoni. Tatizo la Dona Papaia ni kwamba kichwa chake kilikuwa kinaiva, na sisi tulikuwa na njaa. Mwenzangu Awa, mwanafunzi kama mimi, msichana mnene wa moyo na wa mashavu, alikuwa akimnusa kila siku. Asubuhi moja tulimkuta Dona Papaia hana kichwa, na Awa ana mbegu kwenye kidevu. Mzee Tomasi akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Mgonjwa wetu ameliwa na nani?" Tulicheka mpaka tukalazimika kuzibana midomo, maana hata kicheko kilikuwa na mipaka yake pale.

Nawaambia haya msije mkadhani tulikaa tukihuzunika. Hatukukaa hivyo. Ila nikirudi kwa Amisi, kicheko kinaniishia.

Amisi alikuwa mtoto wa miezi michache, mzaliwa wa kwanza wa Zaituna, ambaye naye alikuwa kama mtoto. Mumewe alikuwa amekwenda na wapiganaji, akamwacha kwa mama mkwe wake, Bibi Mwanacha. Amisi alikuwa na sauti. Ilikuwa ikianza alasiri, jua likilegea, ikapanda mpaka ukaona majani yanatetemeka. Hakuwa mgonjwa, watoto wengine ndivyo walivyo katika miezi ile ya mwanzo, wanalia kwa sababu wamezaliwa. Lakini kambini kila alipolia, watu waligeuza shingo.  Walimtazama Zaituna tu, na Zaituna akazidi kuinama.

Kisha siku moja malori yalisimama barabarani karibu nasi, tukakaa mahandakini tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini. Tulipotoka, Amisi alikuwa kimya. Alasiri ikaja, kimya. Kesho yake, kimya. Kesho kutwa vilevile.

Mkisikia hivyo leo mnashtuka, nami nafurahi mnashtuka. Sisi tulifurahi. Wanawake walipita kibandani kwa Zaituna kumpongeza. Mmoja akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, umempa dawa gani? Nami wangu ananitesa." Zaituna akatazama chini, akasema hajampa kitu. Wakadhani anaficha. Na mkuu wa kambi, Shefe Bakari, mtu mwema aliyebeba roho za watu wote wale kichwani mwake, alimwinua Amisi mbele ya mkutano akasema, "Huyu ndiye mwanajeshi wetu mdogo. Adui akipita, anajua kunyamaza. Na nyinyi mama wengine, wafundisheni wenu." Tukapiga makofi, yale makofi yetu ya porini, vidole viwili kwenye kiganja. Amisi alikuwa akitazama juu, kwenye majani, wala hakugeuka kumwangalia aliyembeba. Naliona jicho lile mpaka leo. Lilikuwa zuri na halikuwa likitazama kitu.

Siku mbili tatu baadaye Bibi Mwanacha alimleta kwenye banda letu la dawa. Mtoto alikuwa amekakamaa, mkono mmoja ukirukaruka, macho yamekwenda upande mmoja. Degedege. Na kwetu degedege lilikuwa na maana moja: malaria imepanda kichwani. Mzee Tomasi alimpa kwinini, akatulia, wakarudi kwao. Asubuhi ya pili wakaletwa tena. Safari hii alikuwa anatapika pia, na ziwa halitaki.

Mzee Tomasi akaweka mgongo wa mkono wake tumboni, kisogoni, kwenye nyayo. Akarudia. Akatuita tuweke na sisi.

"Ana homa?" akauliza.

"Hana," nikasema.

"Anaharisha?"

"Haharishi," Bibi akajibu.

"Degedege bila homa, kutapika bila kuharisha." Safari hii hakutania. Macho yake yalikwenda kwenye utosi wa mtoto. Lakini utosi haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na dawa, kibandiko kinene cheusi cha majani yaliyosagwa na mafuta, kimekauka kama udongo.

Hapo ndipo nataka msogee karibu, maana hapa wenzenu wengi wanaharibu. Wapo wanaokipangua kibandiko kwa dharau huku wakimgombeza bibi, na bibi haji tena, mtoto anafia nyumbani. Wapo wanaokiogopa, wanakiacha, wanapima kila kitu isipokuwa kile kilicho chini yake. Mzee Tomasi hakufanya hivi wala vile. Alivua kofia.

"Mama," akamwambia Bibi Mwanacha, "naomba ruhusa yako nimpanguse mjukuu wako utosini."

"Umpanguse? Hiyo ni kinga, mwanangu. Mama yangu alinipaka mimi, nami nikampaka baba yake huyu."

"Na baba yake tunamjua, mwanamume mzima. Nikishaangalia, utampaka upya kwa mkono wako mwenyewe. Dawa yako sitaisema vibaya."

Bibi akafikiri. "Basi mpanguse. Lakini kwa mafuta, si kwa maji. Na taratibu."

"Taratibu, mama."

Akapangusa yeye mwenyewe, kwa pamba na mafuta ya nazi, muda mrefu. Mimi nilikuwa nimemshika Amisi ameketi pajani kwangu, kichwa chake kimeegemea kifua changu, kizito kuliko kinavyostahili. Kibandiko kikatoka. Utosi ulikuwa umeinuka, umekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani.

"Awa, weka kidole. Atija, weka na wewe. Mtoto analia?"

"Halii."

"Amelala?"

"Hapana, ameketi."

"Basi kumbukeni. Mtoto akilia, utosi unaweza kupanda. Akilala chali, unaweza kupanda. Akiwa ametulia na ameketi, unatakiwa uwe bapa au ushuke kidogo. Huu umepanda kwa sababu ndani kuna kitu kinausukuma."

Akamfungua nguo zote. Mbavuni, pande mbili, chini ya makwapa, kulikuwa na madoa yaliyokuwa yakififia, ya kijani kama dafu changa. Mzee Tomasi akaweka vidole vyake juu yake bila kumgusa mtoto, hewani tu, na sote tukaona. Ilikuwa alama ya mikono iliyomkamata kwa nguvu. Awa akatoka nje akaenda kulia nyuma ya banda. Mimi nilikuwa na mtoto pajani, sikuweza kutoka, lakini niliwahi kuogopa malori na ndege maishani mwangu na sijawahi kuogopa kama vile.

Mzee Tomasi alikuwa amekwisha kuona utosi kama ule mara moja, hospitalini, kwa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye lori. Akamuuliza Bibi kama mjukuu aliwahi kuanguka. Hajaanguka, Bibi akaapa, na alikuwa anasema kweli. Mzee akamwomba akatafute mafuta zaidi, akabaki na Zaituna, ambaye muda wote alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mlango bila kuingia.

Mzee alikaa chini kwenye mchanga, akawa yuko chini kuliko yeye. Hakumuuliza umemfanya nini. Hakumuuliza nani kafanya. Jifunzeni swali alilouliza, maana nimelitumia maisha yangu yote.

"Mwanangu, siku aliyoacha kulia, mlikuwa wapi?"

Zaituna akateleza na ile nguzo mpaka akakaa.

"Handakini," akasema. "Malori yalikuwa juu yetu. Tunasikia mpaka wanavyocheka. Na huyu analia. Nampa ziwa, hataki. Namziba mdomo, naona atakufa. Watu wote wananiangalia. Yule baba aliyekaa kando yangu akanambia, kama we huwezi, nipe mimi. Nikauona mkono wake unakuja. Nikamtikisa, Mzee. Nikamtikisa anyamaze, nikamtikisa, kichwa kikenda hivi na hivi. Akanyamaza. Nikasema alhamdulillahi."

Upepo ulikuwa umesimama. Amisi alipumua kifuani kwangu, akakawia, akapumua tena.

"Ndiyo mimi?" Zaituna akauliza. "Ndiyo mimi niliyemfanya hivi?"

Nilitamani Mzee Tomasi aseme hapana. Nilimwomba moyoni aseme hapana.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Mikono ilikuwa yako. Lakini mle handakini mlikuwa wengi, na hakuna aliyekupokea."

Nimewahi kukaa na madaktari waliosoma nchi za mbali, wakanieleza kwa picha jinsi ubongo wa mtoto unavyokuwa laini, jinsi shingo yake isivyoweza kushika kichwa, na vile vimishipa vinavyokatika ndani mtoto anapotikiswa, damu ikavuja mahali usipoweza kuiona. Nyinyi mna mashine za kuiona siku hizi, Mungu awazidishie. Lakini mashine haipo kila kijiji, na mtoto anayeletwa kwenu hataandikwa usoni ametikiswa. Ataletwa na kilio cha degedege, au kutapika, au usingizi usio wake. Ataletwa na mtu anayempenda. Wakati niko wodini, miaka mingi baada ya vita, baba mmoja aliniletea binti yake akisema kaanguka kitandani. Wenzangu wakaanza kumzonga. Nikawatoa nje, nikakaa chini, nikamuuliza, siku aliyoanza kusinzia hivi mlikuwa wapi. Akanieleza yote, mke yuko shambani, yeye peke yake na kilio tangu asubuhi. Yule mtoto tulimuwahi. Swali lile lilikuwa la Mzee Tomasi, mimi nililibeba tu.

Turudi kambini. Amisi hakuweza kubebwa safari ndefu ya kuvuka mto kwenda Tanzania. Kila alipotikisika kidogo degedege lilirudi. Tukamweka bandani, kichwa kimeinuliwa kidogo kwenye khanga, tukimdondoshea maziwa ya mama yake kwa kijiko. Huku kambini, mama wengine walikuwa bado wanamsifu. Hilo ndilo lililomkosesha Mzee Tomasi usingizi: kwamba malori yatarudi, na tayari wapo mama waliotaka kujua Zaituna alifanyaje.

Akaenda kwa Shefe Bakari, nami nikamfuata nimebeba mfuko. Akamwambia yote. Uso ukamshuka Shefe.

"Nilimwinua mbele ya watu," akasema. "Nikasema waige." Kisha sauti yake ikawa ngumu. "Lakini niambie, Mzee. Mtoto akilia tukasikika, wanakufa wote, na yeye ndani yake. Nifanye nini? Niwaambie walie?"

"Ndiyo," akasema Mzee Tomasi. "Waambie walie. Mbali."

Kulikuwa na korongo upande wa machweo, mwendo wa kutosha kutoka barabarani, ambamo kijito kilianguka juu ya mawe kikipiga kelele mchana kutwa. Vichaka vyake vilifungamana juu ukawa kama uko ndani ya kapu. Mzee Tomasi alitaka mluzi wa kwanza uwe wa wenye watoto wachanga peke yao, watangulie huko kabla ya watu wengine kuinuka. Na kila mama afuatwe na mtu asiye na mtoto, na kazi ya mtu huyo iwe moja: kumpokea mtoto mama akichoka. Shefe alikataa, akasema atapoteza watu wa kubeba vyakula. Wakabishana mpaka kivuli kikahama. Mwishowe Shefe alikuja mwenyewe bandani, akasimama juu ya Amisi, akapitisha mkono mbele ya macho yake, huku na huku. Macho hayakufuata. Akatoka, na jioni ile akatoa amri kama Mzee alivyotaka.

Tulipaita Kichaka cha Kulia. Mkinikuta barazani nimefumba macho, mara nyingine niko kule. Maji yanaanguka, mwanga wa kijani unacheza juu ya nyuso, na watoto wanalia wote kwa pamoja wanavyotaka, na mama zao wamekaa kwenye mawe wamenyoosha miguu, na hakuna anayemtazama mwenzake vibaya. Vita vilikuwa vinaendelea juu yetu, nami nilikuwa na furaha. Najua haifai kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Amisi aliishi. Degedege lilimwacha polepole, akarudi kunyonya, na siku moja akalia. Kambi nzima ilisimama kumsikiliza. Bibi Mwanacha alishangilia kwa vigelegele vya kimyakimya, ulimi tu unacheza mdomoni. Lakini macho hayakurudi. Alikuwa akigeukia sauti ya mama yake, si uso wake.

Mzee Tomasi alitaka kila mwanamke anayeingia kambini afundishwe, na alitupa kazi hiyo mimi na Awa. Tulikuwa na Dona Papaia mpya. Awa alimtikisa mbele ya watu, kichwa kikarukaruka kwenye ile shingo ya kitambaa, kisha mimi nikampasua papai nikawaonyesha mbegu zilivyovurugika ndani wakati ganda halina hata alama. Nilieleza utosi, nikaeleza homa na degedege, nikaeleza alama za mbavuni. Walisikiliza kwa adabu. Wengine walikuwa wametoka Diaca siku hiyo hiyo, miguu imevimba, wamebeba watoto ambao hawakulala. Nilipouliza kama kuna swali, mmoja akasema papai lile tutalila saa ngapi. Watu wakacheka. Nami nikajua hakuna kilichoingia.

Hapo Zaituna akasimama. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amembeba Amisi kiunoni, akaja mpaka katikati, akapitisha mkono mbele ya macho ya mwanawe kama Shefe alivyofanya, wote wakaona.

"Huyu alikuwa anaona," akasema. "Mimi nilimtikisa. Si adui. Mimi mama yake, nilimtikisa anyamaze, akanyamaza, na watu wakanisifu. Sikuwa mbaya. Nilikuwa nimechoka na naogopa na niko peke yangu. Na nyinyi mtachoka. Ukihisi mikono inakaza, mweke chini. Mweke chini alie, uondoke, umwite mtu. Sema nipokeeni. Hakuna atakayekucheka. Atakayekucheka aje aniambie mimi."

  Nilimtazama Mzee Tomasi, naye alikuwa akitazama mchanga.

Kisha kule nyuma, mwanamke mmoja wa Diaca ambaye sikuwa nimemwona hata usoni, alikuwa amejifunika shuka lote, akainuka. Mtoto wake alikuwa anaanza kulia. Mikono yake ilikuwa imekaza akimnyoosha mbele.

"Nipokeeni," akasema.

Tukainuka wote.